Taa ya Gari la Mkunga

Baba yangu ndiye aliyemfundisha mdogo wake ufundi wa magari. Jambo dogo kuliko yote aliyomfundisha lilihusu tepu nyeusi ya kufungia waya. Ukimaliza kuizungusha, alisema, usiikate tu na kuibandika. Kunja ncha yake kidogo, iwe kama sikio. Fundi atakayekuja baada yako atakuwa amelala chali chini ya dashibodi, jasho linamwingia machoni, na hafai kuhangaika kuitafuta ncha kwa kucha. Ashike sikio, avute, kazi iendelee.

"Hujui atakuwa nani," baba alikuwa akimwambia. "Huenda ukawa wewe mwenyewe."

Nimeingia gereji nyingi na sijaona mtu mwingine anayekunja sikio kwenye tepu. Ni wao wawili tu, baba na baba mdogo.

Gereji ni ya baba, na kila mtu pale anamwita Bosi. Baba mdogo wanamwita Redio, na jina hilo ni kejeli tupu, maana ni redio isiyo na betri. Anaweza kumaliza asubuhi nzima na maneno mawili, "leta" na "shika". Mteja akimuuliza gari lina tatizo gani, anaonyesha kwa kidole. Mama mdogo husema kwamba hata uchumba wao ulikuwa wa kukohoa: alikuwa anapita dirishani kwao, anakohoa, anaondoka, mpaka baba mkwe akauliza kama huyo kijana ana kifua kibovu au anataka kuoa.

Babu alipofariki, baba mdogo alikuwa bado mtoto wa shule. Baba alimchukua, akamlea, akampa spana. Mpaka siku ninayoisimulia hakuwa amefanya kazi kwingine. Goti lake moja limekufa ganzi kwa kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na vidole vyake vina rangi ambayo sabuni imeshindwa kuitoa. Akifungua kitu, huvipanga vipande vyake juu ya kitambaa kwa mfuatano aliovitoa, na ole wako ukiruka kitambaa hicho. Huo ndio wakati pekee utakapomsikia akipaza sauti.

Wote wawili wanakaa kwenye uwanja mmoja, milango inatazamana. Bibi, mama yao, anaishi upande wetu lakini kutwa yuko barazani kwa baba mdogo, kwa sababu, anasema, kule hakuna anayemkatiza akizungumza.

Mkunga alikuja asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Wote mtaani tunamwita hivyo, Mkunga, hata watu aliowapokea wakizaliwa, ambao sasa wana watoto wao aliowapokea pia. Alistaafu hospitali, lakini hakustaafu kazi. Mwanamke akishikwa na uchungu na usafiri hakuna, Mkunga anapigiwa simu, na lile gari lake dogo kuukuu linasikika likikoroma kupanda mlima kuelekea kliniki. Gari hilo aliuziwa na baba. Baba hununua magari yaliyochoka, akayaosha, akayarekebisha, akayauza.

Siku hiyo bampa la mbele lilikuwa limekunjika kama kopo lililokanyagwa.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Huyu si yule mbishi?" Alinishika kidevu mbele ya watu wote. "Kila mtoto anatanguliza kichwa, yeye akatanguliza miguu, kama anakwenda kuandamana."

Nyundo, fundi wetu wa bodi, alicheka mpaka akaweka chini patasi. "Ndiyo maana hawampi kazi na chuo kamaliza, mama. Anaingia ofisini kwa miguu kwanza."

"Wewe nyoosha bampa, acha mdomo."

"Nitalinyoosha mpaka ujipake wanja kwa kujitazamia humo."

Lakini Mkunga alikuwa hacheki kwa macho. Alikaa kwenye benchi, akaweka mkoba mapajani na kuushika kwa mikono miwili. Akatusimulia. Alikuwa amempakia mama mjamzito kwenye kiti cha nyuma, mvua inanyesha, wameshavuka mlima, wanashuka ule mteremko wa kuingia kliniki. Mbuzi akakatiza. Akakanyaga breki kwa nguvu. Magurudumu yakajifunga, gari likaanza kuteleza kama kipande cha sabuni kwenye sakafu ya bafu, usukani akiuzungusha haumsikii, hadi likaigonga nguzo ya geti. Yule mama hakuumia, na mtoto alizaliwa salama jioni yake. Ila mkono wa Mkunga ulikuwa unatetemeka hata alipokuwa anakata kitovu, na hilo, alisema, halijawahi kumtokea.

"Pale kliniki wananiangalia kama kikombe chenye ufa," alisema. "Mwanangu amesema atakuja kuchukua funguo. Eti mguu umezeeka, unakanyaga ovyo. Na labda ni kweli. Nyoosheni bampa, niliuze. Watafute mtu mwingine wa kuwabeba."

Baba alitoka ndani ya kontena ambalo ndilo ofisi yake. Alimpa pole, akamwambia gari atalinunua yeye mwenyewe kama anataka, asihangaike kutafuta mteja. Mkunga akamshukuru. Naukumbuka uso wa baba wakati ule, jinsi ulivyokuwa na huruma, na nadhani huruma ile ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Baba mdogo aliweka spana chini. Alikuwa amesikia neno moja, "yakajifunga", na lilikuwa limemwingia. Gari la aina ile lina ABS, breki zenye pampu inayozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga kwa ghafla. Pampu inaachia na kubana, inaachia na kubana, haraka kuliko mguu wa mtu, ili gurudumu liendelee kuzunguka na usukani uendelee kukusikia. Gari lenye pampu nzima halitelezi kama sabuni. Na pampu ikifa, kuna taa ya njano kwenye dashibodi ambayo inawaka na haizimiki, kukuambia: dereva, leo endesha ukijua.

Mkunga alipokwenda kununua vocha ng'ambo ya barabara, baba mdogo aliingia kwenye gari na kufungua swichi bila kuwasha injini. Taa zote zikawaka, ya njano ikiwemo. Akakaa anaitazama. Taa ya ABS ikiwa nzima, ukifungua swichi inawaka kidogo, inajipima, halafu inazimika yenyewe hata kama injini imelala. Hii haikuzimika. Akasubiri. Nyundo akapita, akamgongea kioo. "Redio, unasikiliza taarifa ya habari?" Akawasha injini. Taa ya njano na taa ya chaji, ile ya betri ambayo siku zote huzimika injini ikiwaka, zikazimika kwa pamoja, kama mapacha waliolala kitanda kimoja.

Akatoa bisibisi na kufungua dashibodi.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gari. Nilimwona akilala chali, mkono ukapotea ndani ya waya, ukatulia. Alikaa vile muda mrefu hata nikamuuliza kama amenaswa. Kisha alivuta kitu polepole, akatoka nacho kati ya vidole viwili. Kipande cha tepu nyeusi, kimejikunja kama ngozi ya nyoka. Kwenye ncha kulikuwa na sikio.

Waya wa taa ya ABS ulikuwa umekatwa na kuunganishwa na waya wa taa ya chaji. Kwa hiyo ukifungua swichi inawaka, ukiwasha injini inazimika, na mkaguzi anaona gari zima, mnunuzi anaona gari zima. Pampu inaweza kuwa imekufa tangu zamani na taa haitasema. Imezibwa mdomo.

Ujanja huu mafundi wanaujua, wengine wanauita "kuipa dawa ya usingizi", wanacheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Mtu anayekata waya wa kiyoyozi amekuibia baridi. Anayekata huu amechukua onyo lililokuwa lako, akalificha, akakuachia mteremko, mvua na mzigo wa watu kwenye kiti cha nyuma. Halafu siku gari likiteleza unajilaumu mwenyewe, unauangalia mguu wako kama msaliti. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma zaidi, kwamba aliyezibwa masikio ndiye anayeomba radhi kwa kutosikia.

Baba mdogo alikwenda kwenye kontena. Nilimfuata nikajifanya nachemsha chai.

Baba alikuwa anaongea na simu. Alipomaliza, baba mdogo aliweka ile tepu juu ya meza.

"Nini hii?"

Hakujibu.

"Nani amekutuma ufungue dashibodi? Mama wa watu kaja na bampa."

Baba mdogo akaisogeza tepu karibu naye.

"Tepu ni tepu," baba alisema. "Inauzwa kila duka la vifaa."

Baba mdogo alinyoosha kidole akaligusa lile sikio. Alilisimamisha, likalala tena. Baba alilitazama, kisha akatazama pembeni.

"Baba," nikasema, "yaani umemuuzia Mkunga..."

"Wewe! Chuo kimekufundisha kudandia maongezi ya wakubwa? Chemsha chai." Akamgeukia mdogo wake na sauti ikashuka. "Sikiliza. Gari lilikuja kwangu pampu ikiwa imeshakufa. Mpya huipati, na ukiipata bei yake unanunua gari jingine. Ningeliacha na taa inawaka, nani angelichukua? Na breki zipo! Kanyaga, gari linasimama. Baba yetu aliendesha lori maisha yake yote bila hiyo ABS, akafia kitandani."

"Taa ilikuwa yake," baba mdogo akasema.

"Nini?"

"Mama. Alinunua gari na taa yake."

Baba alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Alivuta kiti, akakaa, akazungumza naye kama anavyozungumza na mteja anayetaka kuondoka. Alisema tutalimaliza hili jambo kiungwana. Kule nyuma kuna gari la aina ile ile, limegongwa ubavuni, pampu yake ni nzima. Itolewe, ifungwe kwenye gari la Mkunga. Waya urudishwe mahali pake. Asitozwe chochote. Mama atakuwa salama, na sisi tutakuwa salama.

"Ila mdomo wako ubaki ulivyo. Sikuombi useme uongo, mdogo wangu. Nakuomba unyamaze. Na kunyamaza ndiyo kipaji chako, au sivyo?"

"Anadhani ni mguu wake."

"Ana umri wa kupumzika yule. Mwanawe kasema mwenyewe."

"Anadhani ni mguu wake, kaka."

"Nenda kafunge pampu."

Akaenda. Mkunga aliambiwa tu kwamba pampu ya breki ni mbovu na atabadilishiwa bila malipo.

Alianza kwa kujaribu kuitengeneza ile ya zamani, kwa sababu ndivyo alivyo, hatupi kitu kabla hajakiuliza kimekufa kwa nini. Aliitenga mota na mwili wa pampu, akaifungua. Maji yalikuwa yameingia kupitia kwenye mfuniko uliopasuka. Ndani kulikuwa na kutu ya rangi ya udongo, na kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye mota, vilikuwa vimegandia kwenye nyumba zake. Akasafisha, akabadilisha kaboni, akaunga kwenye betri. Mota ikazunguka kidogo ikitoa sauti ya mzee anayekoroma, ikasimama. Akaigonga taratibu. Ikazunguka tena, ikasimama moja kwa moja. Akaiweka kando kwenye kitambaa na kuifunika kwa pindo lake.

Pampu ya lile gari lililogongwa ubavuni aliifungua kwa uangalifu. Alilinganisha namba zilizogongwa kwenye vyuma, akaipima kwa betri ikazunguka bila kusita, akaziba matundu ya mabomba ili uchafu usiingie. Kuibana kwenye gari la Mkunga kulikula sehemu kubwa ya mchana, maana nati za mabomba ya breki zilikuwa na kutu, na ukizilazimisha zinakatika. Baba alikuwa anapita kila mara, anasimama, anaondoka. Mara moja aliinama akamshikia bomba bila kuombwa, akalishikilia vizuri, kwa pembe ile ile inayotakiwa, na kwa dakika hiyo walikuwa kama ninavyowakumbuka nikiwa mdogo, vichwa viwili ndani ya boneti moja.

Ikabaki kutoa hewa kwenye mabomba. Kazi hiyo inataka mtu wa kukanyaga breki ndani ya gari wakati fundi anafungua nati kwenye gurudumu. Nilijitolea. Mkunga akanisukuma.

"Gari ni langu. Tuone kama mguu bado unajua kazi."

Akaingia, akavua kiatu.

"Kanyaga," baba mdogo akasema kutoka chini. "Shikilia. Achia. Kanyaga. Shikilia."

"Jamani!" Mkunga alianza kucheka, safari hii kwa macho pia. "Miaka yote mimi ndiye nasema sukuma, pumzika, sukuma. Leo nimelazwa mimi."

"Shikilia, mama."

"Nashikilia, mwanangu. Kichwa kimeonekana?"

Nyundo alianguka juu ya bampa lake kwa kicheko. "Ni wa kike au wa kiume, Redio?"

Hata baba mdogo alitabasamu huko chini, nilimwona. Mapovu yalikuwa yanatoka kwenye kibomba, madogo madogo, kisha mafuta safi.

Kazi ilikuwa haijaisha. Ndani ya pampu ile hewa hujificha kwenye vijia ambavyo mguu haufiki. Unaweza kukanyaga ukasikia breki ngumu kama jiwe, ukamkabidhi mtu gari lake, halafu siku pampu ikifanya kazi kwa mara ya kwanza ile hewa inatoka mafichoni na breki inazama mpaka sakafuni. Kwa hiyo baba mdogo aliondoka na gari hadi kwenye kiwanja cha kokoto nyuma ya gereji, akakimwagia maji, akaenda mbio kidogo, akakanyaga ghafla. Akarudia. Akarudi, akatoa hewa upya. Kwa mara ya mwisho akampisha Mkunga kwenye usukani, yeye akakaa pembeni.

Niliwaona kwa mbali. Gari likaja, likafunga breki kwenye kokoto zilizolowa, likanyooka kama limevutwa kwa kamba. Mkunga akafungua dirisha akapiga kelele.

"Inatetemeka! Breki inanitetemekea mguuni!"

"Ndiyo yenyewe," baba mdogo alimwambia. "Ikitetemeka usiachie. Inafanya kazi."

Waliporudi, mwanawe Mkunga alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama na baba kwenye mlango wa kontena, wanaongea kwa adabu juu ya bei. Alikuwa mtu mpole, mwenye wasiwasi wa kweli na mama yake. Mkunga alishuka, akavaa kiatu, akatazama funguo kiganjani.

"Limekuwa zuri," alisema. "Anayelinunua atafaidi."

"Mama, tumeshaongea," mwanawe akasema.

"Ndiyo, tumeshaongea." Akanyoosha mkono kumpa funguo. Kisha akaurudisha. "Ila fundi, nieleze kitu kimoja. Mmesema pampu ilikuwa mbovu. Nilipolinunua hili gari niliambiwa taa ya njano ikiwaka nije. Mimi kila nikiwasha gari naziangalia hizo taa. Naziangalia kama ninavyoangalia mapigo ya mtoto. Haikuwaka. Au iliwaka mimi sikuiona? Maana kama na macho yamekwenda, basi niseme."

Nyundo aliacha kugonga. Baba alikuwa anamtazama mdogo wake kwa macho ambayo siwezi kuyasahau. Hayakuwa ya vitisho. Yalikuwa yanaomba.

Baba mdogo alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa. Aliifuta kidole baada ya kidole, akaanza upya. Nilitaka kusema mimi. Neno lilikuwa mdomoni, tayari. Lakini halikuwa neno langu. Mkunga hakuniuliza mimi.

"Macho yako ni mazima," baba mdogo akasema. "Taa ilikatwa waya, mama. Ikaungwa na ya chaji, ili isiwake. Mguu wako pia ni mzima. Gari lingeteleza hata kwa dereva kijana."

"Ilikatwa na nani?"

"Ilikatwa hapa."

Hapo angeweza kuishia. Angalau ndivyo nilivyofikiri. Lakini Mkunga aliendelea kumtazama, na baba mdogo, mtu aliyeposa kwa kukohoa, akasema, "Alikata kaka yangu. Nimeijua kazi yake."

Mkunga hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha dereva, mlango ukiwa wazi, akaunyanyua mguu wake wa kulia kidogo na kuuangalia, akiugeuza huku na huku kama anavyowageuza watoto wachanga kuhakikisha kila kitu kipo.

"Kwa hiyo si wewe," akauambia mguu.

Kisha akamgeukia baba. "Bosi. Siku ile nilikuuliza kama gari ni zima. Unakumbuka ulichonijibu? Ulisema, angalia mwenyewe mama, kuna taa hata moja inayowaka?"

Baba alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema habari za pampu kutopatikana, na lori la babu. Mkunga hakumpa nafasi.

"Huyu mwanao alikuja kwa miguu," Mkunga akasema, akinielekezea kidole bila kunitazama. "Mtu mwingine angeniambia siku ile, mtoto hana tatizo, subiri tu. Mimi nilikwambia ukweli ukiwa umesimama mlangoni unatetemeka. Nilikwambia, ana hatari, niombee. Ulinishukuru kwa hilo."

Akafunga mlango. Mwanawe alizunguka akaingia upande wa abiria, na funguo zikabaki kwa mama.

Walipoondoka, baba alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chukua vyombo vyako."

Baba mdogo aliviokota kimoja kimoja. Sanduku lake la spana ni zito, mpini wake ameuzungushia mpira wa tairi, halibebeki na mtu mmoja mwenye goti bovu. Nilishika upande mmoja. Baba aliona nimeshika. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa kichwa tu.

Kabla hatujatoka getini baba mdogo alisimama, akageuka. "Magari mengine ni yapi?" akamuuliza kaka yake.

Baba aliingia ndani ya kontena.

Amemuuliza tena mara nyingi. Jioni wakikutana uwanjani kati ya milango yetu miwili anamuuliza, mengine ni yapi, kaka, nitayatafuta mwenyewe, nitajie tu. Baba anapita. Sasa ni yeye asiyesema. Chakula anakula ndani, na mlango umefungwa hata kukiwa na joto. Bibi amegoma kukaa baraza lolote. Amebeba kiti chake akakiweka katikati ya uwanja, juani, na anasema hatoki pale mpaka wanawe wazungumze. Mama anakwenda kumfunika kichwa kwa kanga, anarudi akilia. Anamlaumu baba mdogo. Anasema ukweli ungeweza kusemwa pembeni, bila wageni. Ninabishana naye kila siku, na kila siku ninashindwa, kwa sababu analia nami sina cha kumjibu mtu anayelia. Nilikuwa nadhani ukweli ukishasemwa mambo yanakaa sawa. Hapa kwetu hakuna kilichokaa sawa. Gereji ina wateja wachache, Nyundo anagonga peke yake, na jana nilimwona baba amesimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, anatazama ndani, mkono wake ukiwa umenyooshwa kando kama anayengoja kupewa spana.

Na bado ningelibeba lile sanduku tena.

Baba mdogo anafanya kazi chini ya turubai karibu na duka la matairi. Mkunga humpelekea gari kila likipata hata mkwaruzo, zaidi kwa maongezi kuliko kwa matengenezo. Anaongea yeye, baba mdogo anakohoa. Simu zikija, Mkunga anaupanda mlima.

Juzi alikuja mwalimu mmoja na gari jeupe kuukuu, watoto wake wamebanana kiti cha nyuma na mabegi ya shule. Alitaka kubadilishiwa plagi tu, ana haraka. Baba mdogo alimuuliza alilinunua wapi.

"Kwa Bosi," mwalimu akasema. "Zuri sana. Halijawahi kuniwashia taa hata moja."

Baba mdogo aliomba funguo. Akafungua swichi bila kuwasha injini, akakaa anaitazama dashibodi. Watoto nyuma wakaanza kunong'onezana na kucheka, kwamba fundi amelala. Kisha akawasha, na taa mbili zikazimika pamoja.

Alishuka, akaweka goti lake baya chini, akajilaza chali. Mkono ukaingia kwenye waya. Nilikuwa nimechuchumaa karibu yake na niliuona uso wake wakati vidole vilipogusa sikio la tepu. Alifumba macho. Akalivuta, na tepu ikaachia yote bila kukwama, kama alivyofundishwa.

"Vipi fundi?" mwalimu akauliza, akitazama saa. "Kuna shida?"

Baba mdogo akatoka chini ya dashibodi. Aliwatazama wale watoto, akajifuta mikono.

"Ipo," akasema. "Waambie washuke kwanza. Halafu kaa hapa nikueleze."